Kibarua Asiyeweza Kukataa

Kila msimu wa bajeti unapokaribia, hoja moja hufufuka. Magereza yamejaa watu wenye nguvu wanaokula na kulala kwa kodi za wananchi. Huku nje, wenye mashamba na viwanda wanalia kwamba vibarua ni wa shida na ni ghali. Kwa nini basi wafungwa wasikodishwe kwa kampuni, serikali ikapata mapato, kampuni ikapata watu na mfungwa akapata ujuzi?

Utaisikia hoja hii kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa na bungeni. Mwangwi wake umewahi kusikika hata Ikulu: Julai 2018, siku ya kumwapisha Kamishna Jenerali wa Magereza, Rais John Magufuli alisema ni aibu kwa taifa kuendelea kuwalisha wafungwa, akaagiza wafanyishwe kazi usiku na mchana na wavivu wapigwe mateke. Watu wengi walimpigia makofi, na nina hakika wengi wao wangepiga tena leo.

Wanaoitetea rai hii si watu wenye roho mbaya, na hoja zao zina uzito. Wanasema gharama za magereza zinambebesha mzigo mtu asiye na kosa. Wanasema uvivu wa gerezani unaharibu watu, na mtu akitoka bila kazi mkononi atarudi kwenye wizi. Wanasema mshahara wa mfungwa unaweza kumfidia aliyeibiwa na kusomesha watoto walioachwa. Wanataja Marekani, ambako kampuni zimefanya kazi na magereza kwa zaidi ya karne moja. Nakubaliana nao kwamba mtu aliyefungiwa ndani siku nzima bila la kufanya anaoza akili na mwili, na kwamba kazi gerezani inaweza kuwa jambo jema.

Ninachokipinga ni hatua moja mahususi: kumchukua mtu ambaye dola imemwondolea uwezo wa kuondoka, na kumkabidhi kwa mfanyabiashara ambaye faida yake inakua kadiri mtu huyo anavyolipwa kidogo. Ukishavuka hapo, kila zuri lililoahidiwa linaanza kugeuka.

1. "Wanakula bure"

Tuanze na wanaodaiwa kula bure. Kwa miaka mingi, karibu nusu ya watu walio ndani ya magereza ya Tanzania wamekuwa mahabusu, yaani watu ambao hakuna mahakama iliyowatia hatiani. Wengine wako ndani kwa sababu hawakupata wadhamini, wengine kwa sababu upelelezi haujakamilika mwaka wa tatu huu. Kisheria ni watu wasio na hatia, na huwezi kuwatuma shambani kulipia chakula. Mwaka 2019 Rais Magufuli huyo huyo aliingia gereza la Butimba jijini Mwanza, akawasikiliza waliokuwa wakilalamikia kesi zisizokwisha, na baada ya ziara ile mahabusu kadhaa waliachiwa. Mzigo wa bajeti uliokuwa ukilaumiwa kwa uvivu wa wafungwa ulitokana, kwa sehemu kubwa, na ucheleweshaji wa dola yenyewe.

Waliohukumiwa nao hawakai bure. Ndio wanaopika, wanaofagia, wanaosenya kuni, wanaochota maji, wanaolima mahindi na kutengeneza samani za ofisi za serikali. Nchini Kenya, namba za magari zimekuwa zikitengenezwa kwa mikono ya wafungwa wa Kamiti. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haihesabiwi kama mapato, kisha mtu anasimama na kusema hawa watu hawazalishi.

Kama kweli tunaumia kwa gharama, dawa tunayo kwenye vitabu vya sheria. Kenya ina sheria ya huduma kwa jamii tangu 1998, Tanzania tangu 2002. Aliyeiba kuku au aliyepatikana na pombe haramu anaweza kulala kwake, kula chakula chake, na kufanya kazi ya umma mchana. Sijamsikia mtetezi wa kukodisha wafungwa akidai kwanza sheria hizo zitumike kikamilifu, ingawa ndizo zingeokoa fedha mapema zaidi.

2. Fedha zinaishia wapi

Wanaosifia mfano wa Marekani wausome mpaka mwisho. Katika majimbo saba, yakiwemo Texas, Georgia na Alabama, wafungwa wengi hawalipwi hata senti kwa kazi za ndani ya gereza. Ipo programu ya serikali kuu iliyoanza mwaka 1979 inayozitaka kampuni zilipe mshahara wa soko, na hiyo ndiyo hutajwa kama ushahidi kwamba jambo hili linaweza kufanywa kwa haki. Kinachoachwa ni kwamba sheria hiyo hiyo inaruhusu makato yafike asilimia 80 ya mshahara: kodi, chakula na malazi, fidia kwa waathirika, matunzo ya familia. Tena waliomo kwenye programu hiyo ni maelfu machache tu kati ya wafungwa wanaofanya kazi, ambao ni mamia ya maelfu.

Alabama ina mpango wa kuwapeleka wafungwa kwenye kampuni za nje: viwanda vya vipuri vya magari, viwanda vya nyama, migahawa. Kampuni inalipa, na jimbo linachukua asilimia 40 ya mshahara kabla ya makato mengine. Uchunguzi wa shirika la habari la Associated Press ulionyesha kwamba tangu mwaka 2000 mfumo wa magereza wa jimbo hilo umekusanya zaidi ya dola milioni 250 kwa njia hiyo.

Sasa fikiria hesabu hiyo ikihamia kwetu, ambako viwango vya ujira wa mfungwa nchini Kenya vimekuwa kwa miongo mingi vikihesabiwa kwa senti kwa siku. Mama aliyeambiwa kwamba mshahara wa mwanawe utasomesha wajukuu atapata nini baada ya gereza kukata, wizara kukata na wakala kukata? Ile hoja ya fidia kwa aliyeibiwa, ambayo ndiyo yenye mvuto kuliko zote, inahitaji kwanza kuwepo mshahara wa kukatwa.

3. Mlango wa gereza unapogeuka mlango wa mapato

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami muda mrefu zaidi, kwa kuwa hapa ndipo hasara kubwa ilipojificha.

Mwaka 1865 Marekani ilipofuta utumwa kwa marekebisho ya 13 ya katiba, iliacha upenyo: isipokuwa kama adhabu ya kosa. Majimbo ya Kusini yaliuona upenyo huo mara moja. Yalitunga sheria za uzururaji na makosa madogo madogo zilizowalenga watu weusi waliotoka kuwa huru jana yake, yakawafunga, kisha yakawakodisha kwa wenye migodi, reli na mashamba. Alabama ilifika mahali ambapo, mwaka 1898, karibu asilimia 73 ya mapato ya jimbo yalitokana na kukodisha wafungwa. Jimbo linaloishi kwa fedha za namna hiyo haliwezi kufurahia uhalifu ukipungua. Litahitaji wahalifu kama kiwanda cha sukari kinavyohitaji miwa, na litawapata.

Aliyemnunua mtumwa alipoteza mtaji mtumwa akifa. Aliyemkodi mfungwa hakupoteza kitu, kwa kuwa jimbo lingemletea mwingine. Tarehe 8 Aprili 1911 mgodi wa makaa wa Banner huko Alabama ulilipuka na kuua watu 128, wengi wao wafungwa weusi waliokodishwa, baadhi wakiwa wamefungwa kwa makosa ambayo leo yangeishia kwa faini. Alabama iliendelea kukodisha wafungwa hadi 1928.

Nitaambiwa hayo ni ya kale. Twende basi California mwaka 2014. Jimbo hilo lilikuwa likitumia wafungwa kuzima moto wa msituni kwa ujira mdogo sana. Mahakama ilipokuwa ikilishinikiza kupunguza msongamano kwa kuharakisha kuachiwa kwa wafungwa wasio hatari, mawakili wa jimbo walijibu kwamba kuwapa wafungwa wengine nafuu hiyo kungeathiri idadi ya wanaojiunga na kambi za wazima moto. Mwanasheria Mkuu wa jimbo wakati huo, Kamala Harris, alisema baadaye kwamba alishtushwa na hoja iliyotolewa na ofisi yake mwenyewe. Mimi sishangai. Hao walikuwa mawakili wanaomtetea mteja wao, na mteja wao alikuwa amezoea kazi ya bei rahisi.

Au twende Alabama mwaka 2023. Mwaka huo bodi ya parole iliwakubalia takriban asilimia 8 tu ya walioomba kuachiwa. Desemba mwaka huo wafungwa na vyama vya wafanyakazi walifungua kesi wakidai kwamba jimbo linawazuia watu ndani ili kulinda nguvu kazi yake. Jimbo linakanusha, na mahakama ndiyo yenye kuamua. Lakini ukinzani wenyewe hauhitaji hakimu. Mtu yule yule ambaye bodi inasema ni hatari mno kurudi nyumbani kwao hupelekwa asubuhi kwenye mgahawa kuhudumia watu, bila pingu, na wakati mwingine bila askari, kisha jioni hurudishwa gerezani. Kama anaaminika kushika kisu cha jikoni mbele ya wateja, kwa nini haaminiki kulala kwa mkewe?

Kwetu, parole, msamaha wa Rais na kupunguziwa theluthi moja ya kifungo ni maamuzi yanayopita mikononi mwa maofisa wa magereza. Wao ndio wanaoandika nani ana tabia njema. Siku mkuu wa gereza atakapokuwa na mkataba wa kupeleka watu 200 shambani kila asubuhi, na mwekezaji akipiga simu kuuliza kwa nini leo wamekuja 140, tutakuwa tumempa sababu ya kumwona mfungwa hodari kuwa hajarekebika bado. Sidai kwamba maofisa wetu ni wabaya. Nadai kwamba hakuna mtu anayepaswa kuwekwa kwenye jaribu la namna hiyo, akiwa na kalamu inayoamua uhuru wa mwenzake.

4. Kazi itawarekebisha

Inategemea kazi gani, na malipo gani. Juni 2023 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba ujira wa wafungwa katika majimbo mawili, uliokuwa chini ya euro mbili na nusu kwa saa, ulikuwa kinyume cha katiba. Hoja yake ilikuwa ya moja kwa moja: dola haiwezi kudai kwamba kazi ni njia ya kumrudisha mtu kwenye jamii, kisha ikamlipa kiasi ambacho kinamfundisha kwamba kazi halali hailipi.

Mtu aliyevuna mkonge miaka minne kwa ujira usionunua sabuni hajafunzwa uaminifu. Amefunzwa kwamba mwenye nguvu anachukua.

Na ujuzi wenyewe? Wazima moto wa California waliojifunza kazi ya hatari, wakaifanya vizuri, walitoka gerezani na kukuta rekodi ya jinai imewafungia milango ya vikosi vingi vya zimamoto. Ilibidi itungwe sheria mwaka 2020 kuwapa njia ya kufutiwa rekodi. Afrika Mashariki tunalijua kizuizi hicho vizuri. Nchini Kenya mara nyingi kijana hawezi kupata kazi ya ulinzi, ya udereva au ya ghala bila cheti cha tabia njema cha polisi. Kampuni inayotangaza kwamba iko tayari kumpokea mfungwa akiwa na kifungo, itie saini pia kwamba itampokea akiwa na uhuru, kwa mshahara kamili, bila kuuliza cheti. Kama haiko tayari, basi inachokitaka ni kifungo chake, kwa maana ndicho pekee kilichobadilika.

5. Kibarua wa nje

Kuna mtu anayesahaulika kabisa katika mjadala huu: yule anayeamka saa kumi alfajiri kusubiri lori la vibarua njia panda.

Mwaka 1891, huko Coal Creek, Tennessee, wachimbaji huru wa makaa ya mawe walikuta nafasi zao zimechukuliwa na wafungwa waliokodishwa. Walichofanya hakikutarajiwa. Walizivamia kambi, wakawapakia wafungwa na walinzi wao kwenye treni na kuwarudisha mjini, na baadaye mwaka huo wakawaachia huru mamia ya wafungwa na kuzichoma kambi. Mapambano yaliendelea hadi mwaka uliofuata, jeshi la jimbo likaingia, watu wakafa, na mwishowe Tennessee ilikomesha ukodishaji mwaka 1896. Wachimbaji wale walielewa kwamba mfungwa hakuwa adui yao. Adui alikuwa ule mkataba uliomfanya mwenzao awe rungu la kuwapigia.

Mkata miwa wa Kilombero, mchuma chai wa Kericho, mkata mkonge wa Tanga: hao hawana cha kushindania isipokuwa uwezo wa kusema bei hii haitoshi. Mfungwa hawezi kusema hivyo. Hagomi, hana chama, hapumziki kwa kuuguliwa na mtoto. Mwajiri akishaonja wafanyakazi wa aina hiyo, kila mazungumzo ya mshahara yataanza na kitisho kwamba wapo wengine gerezani. Tutakuwa tumetumia kodi ya kibarua kumjengea mshindani asiyeweza kushindwa, na kibarua huyo akikosa kazi akaiba, tutampeleka kule kule.

6. "Lakini wamekubali wenyewe"

Ndiyo hoja wanayoikimbilia wakishindwa nyingine. Hakuna anayelazimishwa, wanasema. Wafungwa wenyewe wanazigombania nafasi hizo. Naamini wanazigombania. Mtu anayelala chumba kimoja na wenzake mara mbili ya idadi iliyokusudiwa, anayekula mlo mmoja wa ugali na maharage, atagombania chochote kitakachomtoa nje ya ukuta aone miti. Huo ni ushahidi wa hali ya gereza. Hausemi lolote kuhusu haki ya mkataba.

Ridhaa ina maana pale tu kukataa kunapokuwa hakuna gharama. Mwaka 2022 wapiga kura wa Alabama waliuondoa ule upenyo wa utumwa kwenye katiba ya jimbo lao. Mapema 2023 gavana alitoa amri iliyoorodhesha kukataa kazi miongoni mwa makosa yanayoweza kumpotezea mfungwa siku alizopunguziwa. Mtu anayeambiwa kwamba akikataa atakaa ndani muda mrefu zaidi hajaombwa ridhaa. Na gerezani kwetu hakuhitajiki amri ya gavana. Yupo nyapara, ipo zamu ya choo, upo uhamisho wa kwenda gereza la mbali ambako ndugu hawawezi kufika siku ya kutembelea. Mfungwa anayajua yote hayo kabla hajaulizwa, na atajibu ndiyo.

Ndiyo maana Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 29 wa mwaka 1930, ambao Tanzania iliuridhia 1962 na Kenya 1964, ulikuwa na hadhari mahali hapa hapa. Unaruhusu kazi inayotokana na hukumu ya mahakama, kwa sharti kwamba iwe chini ya usimamizi wa mamlaka ya umma na kwamba mfungwa asikodishwe wala asiwekwe mikononi mwa watu binafsi au kampuni. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizofanyiwa marekebisho 2015 na kupewa jina la Mandela, ambaye mwenyewe alivunja mawe na kuchimba chokaa kisiwani Robben, zinasema maslahi ya mfungwa na mafunzo yake yasiwekwe chini ya faida ya kiwanda. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 30, inakataza kazi ya kulazimishwa bila kumtenga mfungwa kwa neno hata moja.

7. Tulikwishapita njia hii

Wapo wanaoona haya yote ni woga tuliouiga kwa wazungu wanaojilaumu. Watazame Nairobi. Uwanja wa ndege wa Embakasi ulijengwa miaka ya 1950 kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa Mau Mau. Mifereji ya umwagiliaji ya Mwea ina historia hiyo hiyo. Serikali ya kikoloni nayo iliita kazi hiyo marekebisho. Mtu alitakiwa afanye kazi ili athibitishe kwamba amebadilika. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, waliogoma kufanya kazi ya shamba walipigwa na askari mpaka 11 wakafa, na maofisa wakatangaza kwanza kwamba marehemu walikufa baada ya kunywa maji. Wale hawakuwa wamehukumiwa na mahakama, na gereza la leo si kambi ya Hola. Lakini wazo kwamba mtu aliye chini ya ulinzi ana deni la jasho kwa yeyote dola itakayemchagulia, tulilirithi zima zima.

Na hata asiyejali historia anajali soko. Marekani, kwa sheria ya ushuru ya 1930, huzuia bandarini bidhaa za kigeni zilizotengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa ya wafungwa, ingawa ng'ombe waliofugwa kwenye gereza la Angola, Louisiana, wameonekana kuingia katika mnyororo wa ugavi wa kampuni zake kubwa. Undumilakuwili huo hautatusaidia kontena letu likishazuiliwa. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 kanuni ya kuzuia bidhaa za kazi ya kulazimishwa, itakayoanza kutumika Desemba 2027. Mkulima wa maparachichi wa Njombe au wa maua wa Naivasha, ambaye hajawahi kumgusa mfungwa, ndiye atakayeulizwa athibitishe usafi wa mzigo wake kwa sababu jirani yake alitafuta vibarua wa bei ya kutupa.

Tanzania tayari ina ubia wa viwanda na Shirika la Magereza: sukari kule Mbigiri, Morogoro, pamoja na mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, ngozi kule Karanga, Moshi, pamoja na mfuko wa pensheni wa PSSSF. Wabia hao ni mashirika ya umma, na hiyo ni tofauti ya msingi na kampuni binafsi. Kwa sababu ni ya umma, mwananchi ana haki ya kuona karatasi zake. Kabla mbunge mwingine hajasimama kuomba kampuni zipewe wafungwa, aanze na hayo yaliyopo. Aombe bungeni orodha ya ujira wa kila mfungwa aliyeshika jembe au cherehani kwenye ubia huo, akaunti inakowekwa akiba yake, jina la mfuko utakaomfidia akikatwa kidole na mashine, na idadi ya waliomaliza vifungo wakaajiriwa pale pale wakiwa huru. Aulize pia ni wangapi walikataa kwenda kazini mwaka uliopita, na nini kiliwapata.